Saa za Fundi: Historia ya Vipindi vya Televisheni vya Kufufua na Kuuza Magari ya Zamani, Ikisomwa kutoka Uwanda wa Juu wa Makonde

Ikisiri

Makala hii inachunguza mageuzi ya vipindi vya televisheni vinavyoonesha ununuzi, ufufuaji na uuzaji wa magari ya zamani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi sasa. Vipindi hivyo vilizaliwa Uingereza na Marekani, lakini vinasomwa hapa kwa kuvilinganisha na historia ya matengenezo ya magari Kusini mwa Tanzania, hususani Newala na Masasi, ambako gari kuukuu limekuwa chombo cha kazi kwa zaidi ya nusu karne. Hoja kuu ni kwamba historia ya vipindi hivi ni historia ya nafasi ya fundi katika picha: alianza akiwa mwalimu, akawa mshirika wa dalali, akageuzwa mhusika wa tamthilia, kisha akaondoka kutafuta jukwaa lake mwenyewe. Katika hatua karibu zote saa zake za kazi hazikuingizwa katika hesabu ya faida. Makala inahitimisha kwamba pengo hilo limo pia katika uandishi wetu wa historia ya teknolojia, na kwamba muda wa kuliziba unapungua.

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa historia ya vyombo vya habari wamezoea kuvigawa vipindi vya televisheni katika habari, tamthilia, michezo na burudani. Vipindi vya kufufua magari vinavuka mipaka hiyo. Ndani ya kipindi kimoja mtazamaji hupata somo la ufundi, hukutana na biashara yenye hatari ya hasara, huona mashindano dhidi ya muda, na mwisho hupewa hadithi ya kitu kilichokufa kikafufuka. Kwa sababu hiyo ni rahisi kuvidharau kwa kusema ni burudani ya wenye nacho. Makala hii haikubaliani na dharau hiyo. Vipindi hivi vimetoa kwa miongo miwili picha iliyosambaa kuliko zote ya kazi ya makanika, na picha inayosambaa hutengeneza maana ya kitu kinachopigwa picha.

Maswali yanayoongoza uchunguzi huu ni matatu. Kwanza, umbo la vipindi hivi limebadilika vipi na kwa sababu gani? Pili, vilifikaje Tanzania, na mtazamaji wa huku alikuwa na historia gani ya gari kuukuu kabla ya kuviona? Tatu, ulinganishi wa historia hizo mbili unafundisha nini kuhusu thamani ya kazi ya ukarabati? Uchambuzi unategemea rekodi ya wazi ya vipindi vyenyewe, historia ya usafiri na uchumi wa Tanzania, na maandiko ya wanahistoria wa teknolojia, hasa kitabu cha Joshua Grace, African Motors, kilichochapishwa mwaka 2021. Grace ameonesha kwamba gereji bubu za Tanzania ni mahali pa kuzalisha maarifa. Makala hii inaikubali hoja hiyo na kuipeleka mbele ya kioo cha televisheni.

Newala imechaguliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kijiografia: mji upo ukingoni mwa uwanda wa juu, unatazama bonde la Ruvuma, na kwa muda mrefu barabara zake za mchanga na udongo ziliamua ni gari gani litaishi na lipi litakufa. Ya pili ni ya kihistoria. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alifika Masasi, Newala na Mahuta akiwa na kamera ya picha za kusogea pamoja na mashine ya kunasa sauti. Kwa hiyo watu wa uwanda huu walikuwa watu wa kupigwa picha za kusogea miongo mingi kabla hawajawa watazamaji wa picha hizo. Swali la nani anaonekana akifanya kazi gani, na nani anaandaa picha, si geni huku.

2.0 Usuli: gari kuukuu kabla ya televisheni

Historia ya ukarabati mkubwa wa mitambo Kusini haianzi na gereji ya mtu binafsi. Inaanza, kwa kiasi kikubwa, na mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza uliozinduliwa mwaka 1947, ambao kwa upande wa Kusini ulikuwa na makao Nachingwea. Mradi huo ulitegemea mitambo iliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, ikiwemo matrekta yaliyonunuliwa Ufilipino yakiwa yameshachoka. Kiwanda cha Vickers kilifika hatua ya kuvigeuza vifaru vya aina ya Sherman kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Mitambo hiyo iliharibika haraka kuliko ilivyoweza kutengenezwa, na mradi ukaachwa mwaka 1951. Kilichobaki ni bandari ya Mtwara, reli iliyofungwa mwaka 1962, na funzo ambalo wapangaji hawakuliandika katika mipango yao: mashine iliyotumika si rahisi kama bei yake ya kununulia, kwa kuwa bei yake halisi imo katika spea na katika mikono ya watu wanaojua kuitengeneza.

Baada ya hapo, usafiri wa uwanda wa juu ulibebwa na malori na Land Rover. Gari hilo lilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na aina yake ndefu, inayojulikana kwa namba 109, ikawa gari la serikali, la misheni, la hospitali, na hatimaye la abiria. Muundo wake ulisaidia. Bodi ya aluminiamu haili kutu upesi, fremu yake inachomeleka, na sehemu nyingi hufunguliwa kwa spana chache. Karakana za misheni, kama ile ya Wabenediktini wa Ndanda, na shule za ufundi za serikali, kama Ifunda na Moshi, zilitoa mafundi wa awali. Waliobaki walijifunza kwa kukaa na fundi: kushika taa, kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kisha kufungua, kisha kufunga.

Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980 iliufanya ujuzi huu kuwa wa lazima. Bei za mafuta zilipanda, vita vya Kagera vya 1978–1979 vilimaliza akiba, na fedha za kigeni zikaadimika kiasi kwamba spea mpya ilikuwa kitu cha kuandikiwa barua na kusubiriwa. Kuanzia mwaka 1984 serikali ilianza kuruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, magari yakiwemo. Mwaka 1985 Shirika la Nyumbu lilianzishwa Kibaha kwa lengo la kubuni gari la Kitanzania. Lakini kwa mwenye gari wa Newala, jibu la kila siku lilikuwa gereji bubu, chini ya mwembe au mkorosho, isiyo na kibao wala leseni. Huko gari moja lilivuliwa spea ili mengine mawili yatembee, bushi zikakerezwa kutokana na chuma kilichopatikana, na injini ya Kiingereza iliyokwisha ikabadilishwa kwa injini ya dizeli ya Kijapani kwa kutengeneza vishikizo vipya.

Katika mazingira hayo neno "gari la zamani" halikuwa na sifa ya kifahari. Lilimaanisha gari ambalo bado linafanya kazi kwa sababu mtu fulani anajua kulitunza. Huyu ndiye mtazamaji ambaye televisheni ilikuja kumkuta.

3.0 Mageuzi ya vipindi

3.1 Fundi kama mwalimu

Vipindi vya magari vya Uingereza vya awali, kama Top Gear kilichoanza mwaka 1977, vilikuwa vya kutoa taarifa: gari jipya linatumia mafuta kiasi gani, barabara ipi ina hatari. Ukarabati uliingia kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia Discovery, ambako mtangazaji Mark Evans alijenga au kufufua chombo kimoja kwa muda wa mfululizo mzima. Miongoni mwa vipindi vyake ni A Car is Born na A 4x4 is Born. Umbo lake lilikuwa la somo. Sehemu moja ilishughulikia fremu, nyingine injini, nyingine nyaya za umeme. Hakukuwa na haraka, na gari halikuwa na mnunuzi anayesubiri mlangoni. Mtazamaji aliondoka akijua jambo ambalo hakulijua.

3.2 Fundi na dalali

Mwaka 2003 Discovery ilianza kurusha Wheeler Dealers. Mike Brewer, mtu wa kununua na kuuza, aliunganishwa na Edd China, mtu wa karakana. Katika msimu wa kwanza walijiwekea kikomo cha pauni 1,000. Ubunifu wa kipindi hiki ulikuwa kuufunga ufundi ndani ya hadithi ya biashara: gari linanunuliwa, linatengenezwa, linauzwa, kisha hesabu inawekwa wazi. Somo la ufundi halikuondolewa. Mtazamaji alioneshwa kabureta ikifunguliwa, breki zikirudishiwa uhai, na bei ya kila kifaa ikitajwa. Hata hivyo, lengo lilikuwa limehama. Katika vipindi vya Evans gari lilikamilika lilipotembea. Katika Wheeler Dealers lilikamilika lilipopata mnunuzi.

Mwaka huohuo wa 2003, Afrika Mashariki ilipata tukio la jamaa yake: mashindano ya East African Safari Classic Rally, yaliyoanzishwa katika kuadhimisha miaka 50 ya Safari Rally ya mwaka 1953. Magari ambayo baba zetu waliyaona yakipita na vumbi sasa yalirudi yakiwa urithi wenye thamani ya fedha. Nairobi tayari ilikuwa na mashindano ya magari maridadi ya Concours d'Elegance tangu mwaka 1970. Kwa hiyo dhana ya gari la zamani kama mali ya kuthaminiwa haikuletwa Afrika Mashariki na televisheni peke yake. Televisheni iliifikisha kwa watu ambao hawakualikwa katika viwanja hivyo.

3.3 Fundi kama mhusika

Nchini Marekani mkondo ulikuwa mwingine. Monster Garage ya mwaka 2002, kisha Overhaulin' na Pimp My Ride za mwaka 2004, ziliufanya ukarabati kuwa mshangao. Gari lilichukuliwa likiwa bovu na kurudishwa likiwa halitambuliki, na kilele cha kipindi kilikuwa uso wa mwenye gari. Katika Pimp My Ride, skrini na spika zilipewa nafasi kubwa kuliko giaboksi. Miaka kadhaa baadaye baadhi ya washiriki walieleza hadharani kwamba baadhi ya vitu vilivyofungwa vilikuwa kwa ajili ya kamera. Jambo hilo halishangazi ukilitazama kihistoria. Kipindi kinachouza mshangao hakina sababu ya kushughulikia kinachofichwa na boneti.

Mtikisiko wa fedha wa mwaka 2008 uliongeza kiungo kipya. Pawn Stars, iliyoanza mwaka 2009, na American Pickers ya mwaka 2010 ziliwafundisha watazamaji kukitazama kitu cha zamani kama akiba iliyofichwa ghalani. Counting Cars na Fast N' Loud, zote za mwaka 2012, zikahamishia mantiki hiyo kwenye magari. Muundo ukawa wa gereji iliyo kama familia: bosi mwenye maneno mengi, mafundi wanaogombana, tarehe ya mwisho isiyoahirishika, na mnada. Fundi alionekana zaidi kuliko zamani, lakini ufundi wake ulionekana kidogo. Tulijua hasira zake bila kujua alivyoirekebisha springi.

3.4 Mgawanyiko wa mwaka 2017

Mikondo hii miwili iligongana ndani ya Wheeler Dealers yenyewe. Kipindi kilikuwa kimehamishia karakana yake California, na usimamizi ukawa wa kituo cha Velocity cha Marekani. Mwezi Machi 2017 Edd China alitangaza kuondoka. Alieleza kwamba uongozi mpya ulitaka kupunguza sehemu za karakana, ambazo ndizo ngumu zaidi kutengeneza, na kwamba yeye hakuwa tayari kushusha ubora wa kazi hiyo. Nafasi yake ilichukuliwa na Ant Anstead, na baadaye, kipindi kiliporudi Uingereza mwaka 2021, na Marc Priestley.

Kwa mwanahistoria, tukio hili ni nadra. Mara chache mgogoro kuhusu umbo la kipindi huelezwa hadharani kwa lugha ya dakika: dakika ngapi za mikono, dakika ngapi za maneno. Kumwonesha fundi akifanya kazi ni ghali. Kunahitaji kamera kukaa, mhariri kuelewa, na kosa kurudiwa. Kuonesha watu wakibishana ni rahisi. Shinikizo la gharama lililomwondoa fundi katika picha ni lilelile linalomfanya mwenye gari kuuliza kwa nini kazi ya siku tatu haikuisha kwa siku moja.

Baada ya hapo njia zilitawanyika. The Repair Shop ya BBC, iliyoanza mwaka huohuo wa 2017, ilirudisha utulivu wa mikono kwa kuachana kabisa na mauzo, ikaweka kumbukumbu ya familia mahali pa faida. Car SOS, tangu mwaka 2013, ilikuwa tayari imechukua njia ya huruma, ikifufua magari ya watu waliokwamishwa na maradhi au msiba. Bangers & Cash ya mwaka 2019 ilibaki na mnada, lakini mnada wa kijijini usio na majigambo. Edd China naye alipeleka kazi yake YouTube, ambako fundi hana bosi wa kumkata dakika, na ambako somo refu la aina ya Mark Evans limepata maisha mapya. Hata kiwanda kiliiga televisheni: mwaka 2016, muda mfupi baada ya uzalishaji wa Defender kusimama huko Solihull tarehe 29 Januari, kampuni ya Land Rover ilitangaza kuuza magari ya Series I iliyoyafufua yenyewe.

4.0 Vipindi hivi na mtazamaji wa Tanzania

Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza, na televisheni ya taifa ikafuata kuelekea mwaka 2000. Vipindi vya magari vya Discovery havikuja kwa njia hiyo. Vilikuja kwa ving'amuzi vya kulipia. Kwa Mtwara na wilaya zake, umeme wa gesi ya Mnazi Bay ulioanza kuzalishwa mwaka 2007 ulikuwa hatua muhimu, kwa kuwa kabla yake umeme ulitegemea jenereta za dizeli. Uhamiaji wa mfumo wa dijitali, ulioanza kwa kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ulikifanya king'amuzi kuwa kifaa cha kawaida cha nyumbani. Leo vipande vya vipindi hivyo hupita katika simu za mkononi, mara nyingi bila jina la kipindi wala la fundi.

Hapa pana tofauti ya kuzingatiwa. Filamu za kigeni zilizotamba katika mabanda ya video ya Tanzania zilipata wasimulizi, maarufu miongoni mwao akiwa Lufufu, waliozitia Kiswahili, utani na maelezo. Vipindi vya kufufua magari havikupata usimulizi wa namna hiyo. Vilitazamwa kwa Kiingereza. Mtazamaji asiyeifuata lugha hiyo hufuata mikono: spana ipi, bolti ipi ilitangulia, gasketi ilikaaje. Kwa mtazamaji huyu, dakika za karakana ndizo kipindi chenyewe, na maneno ya dalali ni kelele za pembeni. Kwa hiyo uamuzi wa kupunguza karakana, uliofanywa kwa kumfikiria mtazamaji wa Marekani, ulipunguza sehemu pekee ya kipindi iliyozungumza lugha ya fundi popote alipo. Hili ni jambo ambalo historia ya vipindi hivi ikiandikwa kutoka London au California haiwezi kuliona.

Kwa upande wa pili, vipindi hivi vilileta msamiati wa thamani. Land Rover 109 iliyokuwa ikibeba abiria na magunia ya korosho ilianza kutazamwa kama "klasiki". Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha mwezi Oktoba 2024, kwa nia ya kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari hayo, lilionesha kwamba fahari hiyo imekwisha kuota mizizi nchini. Gari la shida limekuwa gari la sherehe.

5.0 Mjadala: hesabu, uhalisi na sheria

5.1 Hesabu isiyo na fundi

Kila mwisho wa Wheeler Dealers mtazamaji hupewa hesabu: bei ya kununulia, gharama ya vifaa, bei ya kuuzia, faida. Kazi ya fundi haimo. Tuchukue mfano wa kubuni. Gari limenunuliwa kwa pauni 1,000, vifaa vimegharimu 600, limeuzwa kwa 2,000. Kipindi kitatangaza faida ya pauni 400. Fundi akiwa amefanya kazi saa 60, na kila saa ikihesabiwa pauni 10 tu, kazi yake ni pauni 600, na biashara nzima ina hasara ya pauni 200. Watayarishaji hawakuificha kanuni hii, na mashabiki wengi waliijua. Lakini kanuni ikirudiwa kwa miaka ishirini huwa mazoea, na mazoea huwa fikra: kwamba thamani inatoka kwa anayenunua kwa akili, na fundi ni daraja la kupitia.

Katika gereji bubu mambo ni kinyume kwa upande mmoja na sawa kwa upande mwingine. Ni kinyume kwa sababu huku spea ndiyo ghali na mkono ndio rahisi, hivyo fundi hutumia saa nyingi kuokoa kifaa ambacho Uingereza kingetupwa. Ni sawa kwa sababu hapa pia saa hizo hazihesabiwi. Malipo hupatanwa kwa kazi, mara nyingi baada ya mwenye gari kuwa ameshanunua spea na mfuko wake umebaki mwepesi. Mwanagenzi hulipwa chakula na ahadi ya ujuzi. Televisheni haikuubuni udhalimu huu mdogo, lakini imeupa sura ya kupendeza.

5.2 Uhalisi wa kiwanda na uhalisi wa kazi

Soko la magari ya zamani linathamini uhalisi wa kiwanda: namba ya injini ilingane na namba ya fremu, rangi iwe ile ya mwaka ule. Kwa kipimo hicho, Land Rover ya Newala yenye injini ya Kijapani, springi za lori na taa za gari jingine ni gari lililoharibiwa. Lakini kwa mwanahistoria gari hilo ni hati. Kila badiliko lina tarehe na sababu: mwaka ambao spea haikupatikana, mwaka ambao korosho ililipa vizuri, safari iliyokatika kwenye mteremko. Kulirudisha katika hali ya kiwandani ni kufuta maandishi hayo. Napendekeza tuuite uhalisi huu "uhalisi wa kazi", yaani ukweli wa kitu unaotokana na maisha kiliyoyaishi, usiofungwa na siku kilipotengenezwa.

5.3 Sheria na umri

Maana ya ukuukuu huwekwa pia na sheria. Uingereza husamehe kodi ya barabara kwa magari yaliyotimiza miaka 40. Kwa namna hiyo serikali inamtambua mwenye gari la zamani kama mtunza urithi. Kwetu, umri wa gari linaloingizwa ni sababu ya mzigo: Tanzania hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu kwa magari yaliyozidi miaka kumi, Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane, na Uganda mwaka 2018 ilipitisha sheria ya kuzuia yaliyozidi miaka 15. Sera hizi zina sababu zake za usalama na mazingira, na makala hii haizipingi. Inaonesha tu kwamba gari lilelile linaweza kuwa urithi upande mmoja wa bahari na uchafu upande wa pili, na kwamba televisheni ya kufufua magari ilizaliwa upande ambao sheria imeshaulainisha umri. Tofauti hii inasaidia kueleza kwa nini aina hii ya kipindi haikuzaliwa huku, ingawa ustadi ulikuwepo tele.

6.0 Hitimisho

Mageuzi ya vipindi vya kufufua na kuuza magari ya zamani yamepita njia inayoeleweka. Yalianza na somo, yakaongeza biashara, yakageukia tamthilia, kisha yakagawanyika kati ya mnada, huruma na mtandao. Nguvu iliyoyasukuma ni gharama ya kuonesha kazi, zaidi ya ladha ya watazamaji. Kila fedha zilipobana, fundi alikuwa wa kwanza kupunguziwa dakika. Na kila fundi alipopata jukwaa lake, watazamaji walimfuata.

Kwa Newala na Masasi jambo hili lina uzito wa sasa. Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala, yenye urefu wa takribani kilomita 210, inawekewa lami; kipande cha kilomita 50 kutoka Mtwara hadi Mnivata kilitangulia. Lami ni neema kwa mgonjwa, kwa mwanafunzi na kwa mkulima wa korosho, na hakuna mtafiti mwenye busara atakayeililia barabara ya mchanga. Lakini lami inaondoa hitaji lililozalisha ustadi wa Land Rover. Magari hayo yatauzwa kama vyuma chakavu au yatanunuliwa na wapenzi wa klasiki watakaoyarudisha kiwandani kwa rangi mpya. Kwa njia zote mbili, kazi iliyoandikwa ndani yake itapotea, na mafundi wa kizazi cha miaka ya uhaba wanazeeka.

Kwa hiyo makala inapendekeza mambo matatu kwa watafiti. La kwanza ni kukusanya historia simulizi za mafundi wa gereji bubu wa Kusini, kwa Kiswahili na Kimakonde, zikiwa na istilahi zao wenyewe za ufundi. La pili ni kuyapiga picha na kuyaandikia kumbukumbu magari yaliyobadilishwa kabla hayajavunjwa, kwa utaratibu uleule ambao mwanaakiolojia hutumia kwa tabaka za udongo. La tatu ni kwa watayarishaji wetu, ambao sasa wana kamera nyepesi na soko la mtandaoni: wanapotengeneza kipindi cha kufufua gari, waweke katika hesabu ya mwisho mstari mmoja ambao vipindi vya kigeni viliuacha, yaani mstari wa saa za fundi. Mstari huo ukiwekwa, faida itaonekana ndogo, na pengine mara nyingine itakuwa hasara. Lakini itakuwa hesabu ya kweli, na historia haina kazi nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo.